Ya Chini Ndiyo Tela



Theluji inapoyeyuka huko Minnesota, Wisconsin na Michigan, kuelekea mwezi wa nne, watu hutoa nje vitu ambavyo hawataki kuvitazama kwa mwaka mwingine. Pembeni mwa njia ya kuingizia gari, kwenye nyasi zilizolala, utaona sanduku pana na fupi, rangi yake imefifia, lina magurudumu mawili madogo na limefunikwa turubai la buluu lililopasuka. Limebandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa bei: dola 300. Baada ya siku kadhaa bei inafutwa na kuandikwa 100. Mwishowe linabaki neno moja tu, bure, na bado linakaa pale.

Sanduku hilo ni tela la hema. Wamarekani na Wakanada wamelitumia miaka mingi kwenda kulala mbugani na kando ya maziwa. Ukizungusha mpini wa winchi, kebo zinavuta, nguzo nne za pembeni zinapanda na kuliinua paa. Kitanda kimoja kinavutwa nje kwa mbele, kingine kwa nyuma, turubai linatanda juu yao, na familia nzima ina pa kulala, pamoja na jiko dogo la gesi na meza. Asubuhi ya kuondoka unakunja kila kitu, tela linarudi kuwa sanduku la kufika kifuani, na dereva anaona nyuma yake bila taabu.

Leo nataka kuwazungumzia watu wanaolichukua sanduku hilo la bure, wakang'oa kila kilichoko juu mpaka wakabaki na chuma na magurudumu, kisha wakajenga juu yake tela dogo la kwao wenyewe. Ni kazi inayofanywa katika magereji ya nyumbani kote Amerika Kaskazini. Baadhi ya wanaoifanya siku hizi ni ndugu zetu waliohamia huko, na mmoja wao tutakutana naye punde.

Kwanza tuelewe kwa nini kitu hiki kilitengenezwa hivyo kilivyo, maana asiyelielewa hilo ataliharibu tela kabla hajapigilia msumari wa kwanza.

Tela la hema ni mtoto wa uzito. Matela yenye hema yalikuwapo Marekani tangu gari zenyewe zilipoanza kuenea, mapema katika karne ya 20, lakini wakati wake wa kung'ara ulikuwa baada ya barabara kuu za majimbo kuanza kujengwa kwa sheria ya mwaka 1956. Familia ya kawaida ilikuwa na gari moja, na gari hilo ndilo la kumpeleka baba kazini. Nyumba kamili ya magurudumu isingevutwa nalo. Hapo wakaingia mafundi wa Indiana, Michigan na Pennsylvania. Huko Middlebury, Indiana, Lloyd Bontrager alianzisha Jayco mwaka 1968 kwenye shamba la familia, katika mabanda yaliyokuwa ya kuku, na mwaka wa kwanza akauza matela 132. Coleman, ambao watu waliwajua kwa taa na majiko ya kambini, nao wakawa na kiwanda chao cha matela ya hema huko Somerset, Pennsylvania. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na watu wakageukia gari ndogo, wepesi wa tela la hema ukazidi kuwa hoja.

Wepesi huo ulipatikanaje? Kwa kutojenga kuta. Palipotakiwa ukuta pakawekwa turubai. Chasisi ikafanywa ya chuma chembamba, na ekseli ikachaguliwa ya kubeba kilichopangwa, na ziada kidogo. Mtengenezaji hakukuwekea nguvu za akiba kwa sababu nguvu za akiba ni chuma, na chuma ni uzito, na uzito ndio alioukimbia tangu mwanzo. Shikeni hapo.

Sasa, kinachokufa kwanza kwenye tela hili ni kile kilichouzwa kwa matangazo. Turubai likikunjwa bichi hata mara moja tu, ukungu unaingia na hautoki. Majira ya baridi panya wanahamia, maana wapi tena watapata godoro, turubai na giza kwa pamoja? Maji yanapenya kwenye maungio ya paa na kushukia kwenye sakafu, nayo plaiwudi inaoza kuanzia pembeni, kimyakimya, mpaka siku mguu unapozama. Kebo za kuinulia paa zinakatika. Ukienda kuulizia turubai jipya la kushonwa, mara nyingi unaambiwa bei inayozidi thamani ya tela zima. Viwanda vyenyewe vimebadilisha mikono. Fleetwood, walioichukua shughuli ya matela ya Coleman mwaka 1989, waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2009. Ndiyo maana sanduku linaandikwa bure na bado halina mchukuaji.

Jamaa yangu mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akichomelea mageti na matangi ya maji kabla vita havijamhamisha, na ambaye sasa anaishi Minnesota, nilimwona akikagua tela la namna hiyo. Mwenye mali alikuwa anamwonyesha vitanda, mito, jiko, friji ndogo. Yeye hata ndani hakuingia. Alijilaza chini kwenye majani majimaji na nyundo yake ndogo, akagonga chuma hapa, akagonga pale, akisikiliza. Akasimama, akajipangusa, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Ya juu muachane nayo, kaka. Ya chini njo tela."

Nyundo husema mengi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kutoka ndani kinatoa sauti butu. Majimbo ya kaskazini yanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi hiyo inajikusanya ndani ya bomba la chasisi mahali usipopaona. Baada ya nyundo, mkono: chini pale ekseli inapoungana na springi, kuna nyufa? Springi zimelala? Kwenye matela mengine hakuna springi kabisa. Kuna fimbo ndani ya bomba la ekseli, imebanwa na raba, na raba hizo ndizo zinazomeza mitikisiko. Raba zikizeeka hazitengenezeki, unabadilisha ekseli nzima. Kisha unainua gurudumu kwa jeki, unalizungusha na kulitikisa. Likinguruma, beringi zimekwisha, lakini hilo lisikutie hofu, kwani beringi na grisi ni kazi ya mchana mmoja na gharama yake ni ndogo.

Tairi nazo zina siri yao iliyoandikwa waziwazi. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2310, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2010, na hata kama meno yake ni mazima kama ya jana, si tairi ya kusafiria. Tairi ya tela hufa kwa kusimama zaidi kuliko kwa kutembea.

Na kuna kibati. Kwa sheria ya Marekani, tela hubandikwa kibati nje, upande wa kushoto, nusu ya mbele, chenye namba ya utambulisho na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, tela na mizigo yake pamoja. Matela ya tangu mwaka 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Ya zamani zaidi yana namba fupi ya kiwanda. Kibati hicho ndicho ningekitafuta kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndicho kinachobeba mkataba wa ujenzi wote utakaofuata. Mtu asiyesoma kibati akaanza kununua mbao ameanzia mwisho.

Kubomoa hakuna mengi ya kusimulia. Ni glavu, barakoa ya kuzuia vumbi la ukungu na mavi ya panya, bisibisi, grenda, na pipa kubwa la taka. Angalizo langu ni moja: bomba na vali za gesi za zamani ziondolewe zote, usijaribu kuziokoa kwa kubana matumizi. Na unapoondoa lile sanduku la mbao au bati, angalia chasisi inavyokaa. Kwenye matela mengi haya, kuta fupi za sanduku zilikuwa zikisaidia kuishikilia chasisi isijipinde. Ukiziondoa, chuma kinachezacheza. Hapo fundi wa kuchomelea anaongeza boriti moja au mbili za bomba la mraba kwa upande, na inatosha. Wengine hunogewa na kuongeza saba.

Hapa sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yangu: hesabu ya uzito.

Chukua ekseli ya pauni 2,000, aina ya kawaida kwenye matela madogo. Hizo ni kilo 907. Mjenzi anataka kibanda cha urefu wa mita 3, upana mita 2, kimo mita moja na nusu. Ukijumlisha sakafu, paa na kuta unapata takribani mita za mraba 27, yaani kama mbao 10 za plaiwudi ya kawaida ya mita 1.2 kwa 2.4, pamoja na vipande vinavyotupwa. Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 30 kila moja. Kwa hiyo ganda peke yake, kabla ya misumari, rangi, madirisha na mlango, ni kilo 300. Akitumia ya milimita 6 juu ya mifupa ya mbao nyembamba, plaiwudi inashuka hadi kilo 100 hivi. Na wapo waliokwenda mbali zaidi wakajenga kuta kwa mbao za povu gumu, zile zinazotumika kuzuia baridi kwenye nyumba. Ya unene wa milimita 50, kwa ukubwa uleule wa plaiwudi, ina kilo kama 4 tu. Kibanda kizima cha povu hakifiki hata kilo 50 kabla ya kukivalisha.

Halafu vitu vyenyewe vya kuishi. Maji lita 40 ni kilo 40, hayana mjadala. Betri ya kawaida ya risasi ni kilo 20 na ushei. Mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa ni kama kilo 17. Godoro, sufuria, viti, nguo, tairi ya akiba. Kila kimoja kinaingia kwa adabu, hakuna kinachosema kimezidi. Na mbele ya yote kuna gari. Gari nyingi ndogo za familia huko Marekani zimeruhusiwa kuvuta pauni 1,500 tu, yaani kilo 680, na nyingine haziruhusiwi kuvuta kabisa. Kwa hiyo hata ekseli ikikubali, gari linaweza kukataa.

Nimeona tela lililojengwa kwa mbao nene za kujengea nyumba, vigae vya sakafuni, na kabati la mninga. Zuri, kweli. Halikuwa tena tela. Lilikuwa chumba kilichokosa msingi, na springi zake zilikuwa zimenyooka hadi kugusa chuma. Aliyelijenga alitaka litoke imara. Lakini chasisi ile ilipangwa na mtu aliyepiga hesabu ya turubai, na wewe huwezi kubishana naye kwa kununua skrubu ndefu. Utabadilisha ekseli, au utapunguza tamaa. Mimi ningeshauri la pili, kwa maana tela dogo linalovutwa na gari lolote litasafiri. Kubwa linalohitaji gari la kukodi litakaa uani na mwishowe litabandikwa kipande chake cha boksi.

Uzito jumla ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni mahali uzito ulipokaa, na hapa wasikilizaji wetu wa Limuru, wa Dodoma na wa Arusha watanielewa kabla sijamaliza, kwa sababu wanaishi na mikokoteni ya punda, ambayo mingi imejengwa juu ya ekseli kuukuu ya gari. Mwenye mkokoteni akipakia magunia nyuma ya ekseli, miti miwili ya mbele inainuka na kumning'iniza punda kwa mkanda wa tumboni. Akipakia yote mbele, mgongo wa punda unalemewa. Mpakiaji mzoefu huweka mzigo mbele ya ekseli kidogo tu, punda asikie uzito lakini asiumie.

Tela la kuvutwa na gari ni hivyohivyo, isipokuwa adhabu yake ni kali zaidi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye tufe la chuma lililoko nyuma ya gari. Tela la kilo 600 liwe na kilo 60 hadi 90 pale mbele. Zikipungua sana, tela linaanza kuyumba kama mkia gari linapokaza mwendo, kila mpeperuko ukizidi uliotangulia, kwa sababu uzito ulioko nyuma ya magurudumu unausukuma mkia uendelee kule ulikokwisha anza kwenda, na mbele hakuna cha kuurudisha. Likikutokea, usikanyage breki za gari kwa nguvu, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, na kama tela lina breki zake za umeme, zibane kwa mkono. Kisha ukishasimama salama, upange mizigo upya.

Na kanuni hii inatugusa moja kwa moja, kwa sababu tela la hema lilikuwa na mizani yake. Kitanda mbele, kitanda nyuma, jiko katikati, ekseli ikawekwa kulingana na hayo. Mjenzi wa leo anapenda jiko liwe nyuma kabisa, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, mtindo wa yale matela madogo yenye umbo la chozi. Michoro ya matela ya chozi ilichapishwa katika jarida la Mechanix Illustrated, toleo la Septemba 1947, na mpaka leo watu wanaifuata. Mtindo mzuri, unapika umesimama nje, mvua haikupati. Lakini umeweka jiko, sanduku la barafu, vyombo na maji nyuma ya ekseli ambayo haikukutarajia. Dawa zake ni kusogeza ekseli nyuma, au kurefusha mkono wa tela kwa mbele na kuweka betri, gesi na maji huko. Kurefusha mkono kuna faida ya pili. Tela lenye mkono mfupi unapolirudisha nyuma linakunja ghafla kabla hujageuza usukani vizuri, na madereva wapya wanajua aibu ya kulihangaikia mbele ya kambi nzima.

Kupima si lazima uende mbali. Uzito wa mbele unaweza kuupima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu, ukaweka mguu wa tela juu yake, tela likiwa limelala sawasawa. Uzito mzima unapimwa kwenye mizani ya malori kando ya barabara kuu, kwa ada ndogo. Nashangaa watu wanaotumia miezi kuchagua rangi ya pazia na hawajawahi kupita kwenye mizani.

Tukiacha uzito, nina furaha kuwaambia kuhusu ngozi ya nje, kwani hapa ubunifu wa wasio na fedha umeshinda. Bati la alumini ni zuri, halishiki kutu, na baada ya vita vya pili vya dunia lilipatikana kwa wingi. Leo ni ghali. Kwa hiyo wajenzi wakagundua namna nyingine. Wanachukua turubai la pamba, lile ambalo wapaka rangi hutandika sakafuni, wanalitandaza juu ya plaiwudi au povu, wanalilowesha kwa gundi ya mbao inayostahimili maji, mara nyingi Titebond II iliyozimuliwa kidogo, wanalisugua mpaka mikunjo yote itoke. Likikauka linakuwa gumu na limeshikana na ubao. Wanapiga msasa, kisha rangi ya nje ya nyumba, mikono mitatu au zaidi. Maji hayapiti. Likikwaruzwa na tawi, unaweka kiraka na rangi. Ajabu ni kwamba turubai limerudi juu ya tela, safari hii likiwa ukuta kweli. Kwenye madirisha na kona tumia utepe mweusi wa raba unaonata, aina ya butili. Silikoni ya bafuni ikiachia haikubali kupakwa juu yake kitu kingine, na kila mvua itakukumbusha.

Jambo la hatari sasa, na hili nalisema polepole. Hema linapumua. Kibanda cha plaiwudi na gundi hakipumui. Watu wawili wakilala humo bila tundu la hewa, asubuhi kuta zinatiririka maji ya pumzi zao, na mbao zinaanza kuoza upya. Hilo ni dogo. Kubwa ni moto. Sisi tumezaliwa na jiko la mkaa, tunaliamini, na usiku wa baridi ya Minnesota mtu anaweza kuona si vibaya kuingiza jiko lililobaki na makaa kidogo ili kupasha chumba. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwenye nafasi ya mita za ujazo tisa tu, anayelala hataamka. Tumezika watu kwa jambo hili Nairobi, tumezika Arusha. Jiko la mkaa halilali ndani, hata la gesi halilali ndani. Weka tundu juu la paa na tundu jingine chini, na king'ora cha hewa ya sumu karibu na mto. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, ndiyo sababu tundu la chini halina mbadala.

Umeme wa nyuma hautuchukui muda. Waya nne: mweupe ni wa kurudi kwenye chuma, kahawia taa za nyuma, njano indiketa na breki ya kushoto, kijani ya kulia. Taa zikichezacheza usinunue taa mpya. Tafuta pale waya mweupe ulipofungwa, sugua kutu.

Kuhusu karatasi, kila jimbo lina mambo yake. Maine, kwa mfano, haitoi hati ya umiliki kwa tela lisilozidi pauni 3,000 likiwa tupu, na mengine yanadai hati kwa kila chenye magurudumu. California inataka breki kwenye tela la kuanzia pauni 1,500, majimbo mengi yanasubiri 3,000. Lakini popote ulipo, ukinunua bila kuandikishana na muuzaji, na bila namba ya kwenye kibati kulingana na ya kwenye karatasi, umenunua vyuma chakavu. Kenya na Tanzania hilo si geni, maana tela husajiliwa kivyake, na Kenya namba zake huanza na Z.

Kuna wanaopinga kazi hii, na hoja yao si ya kudharau. Wanasema kila tela la hema linalokatwa linapunguza idadi ya yale yaliyobaki, na kwamba watoto wanaolala ndani ya turubai wanasikia mvua na bundi, na ndani ya plaiwudi hawasikii kitu. Kama sakafu ni nzima na turubai halinuki, mimi niko upande wao: lishone, lipake nta, litumie. Hata ukikata lililokufa, nguzo za kuinulia, winchi, vitasa, friji na magodoro usitupe. Wapo wanaohangaika kutafuta vitu hivyo kuyafufua ya kwao, nao watakulipa kwa furaha.

Na yule ndugu wa Bukavu? Hakujenga kibanda cha kulala. Alijenga sanduku la povu na turubai lenye milango miwili ya ubavuni, ndani rafu za kushikilia sufuria kubwa, meko, viti vya kukunja na hema la kivuli, kwa ajili ya harusi, vipaimara na misiba ya Wakongomani wa mjini kwao. Sufuria nzito zimewekwa juu ya ekseli, meko na mitungi mbele. Alilipitisha kwenye mizani likiwa limejaa, na akaniletea risiti niione. Chama chao kimeshakubaliana nani anashika ufunguo. Ambalo halijapata jibu ni nani atalivuta. Huko mara nyingi tela likigonga mtu barabarani, bima inayodaiwa kwanza ni ya gari linalolivuta, na tangu mwenyekiti alipowasomea kifungu hicho kwenye mkutano, kila mmoja amegundua kwamba gari lake halina tufe la kuvutia.